Risasi na Kalibu: Jinsi Wawindaji wa Bonde la Kilombero Walivyosubu Risasi za Gobori

Siku moja nilikuwa nikifundisha habari ya Waisraeli kuvuka Bahari ya Shamu. Tulipofika katika ule wimbo wa Musa, sura ya 15 ya Kitabu cha Kutoka, mtoto mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kumbe askari wa Farao walikuwa na bunduki?" Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka, maana swali lake lilikuwa na haki. Katika Biblia yetu ya Kiswahili mahali pale limeandikwa neno risasi, na mtoto wa Mngeta akisikia neno hilo hawazi madini mazito yazamayo majini. Awaza kitu kitokacho katika mdomo wa bunduki. Nilimweleza, naye akaridhika. Hata hivyo, nilipokuwa nikirudi nyumbani nilifikiri ya kuwa walimu wengi hawana habari ya kutosha juu ya neno hili, wala juu ya kazi ya wazee waliolitumia. Kwa hiyo naandika maneno haya machache, nikianza na lugha, kisha nikieleza kazi yenyewe ya kuchagua na kusubu risasi, na mwisho nikitaja hatari yake, ambayo ndiyo hasa inayonisukuma kuandika.

MANENO YENYEWE

Risasi ni neno la asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu ni jina la madini, yale ambayo Warumi waliyaita plumbum. Waswahili walilipokea kwa maana hiyo ya madini, na kwa sababu kitu kilichotupwa na bunduki kilifanywa kwa madini hayo, jina la madini likawa jina la kitu. Siku hizi maana ya pili imeimeza ile ya kwanza, hata watu husema "risasi ya chuma" au "risasi ya shaba" bila kuona ajabu.

Neno bunduki nalo lina safari yake. Kwa Kiarabu bunduq ni aina ya kokwa ndogo ya mviringo; kisha likawa jina la kitufe kidogo cha kurusha kwa upinde; na mwishoni likahamia kwenye silaha yenyewe irushayo kitufe. Basi twaona ya kuwa tufe lilizaliwa kwanza, bunduki ikaja baadaye ikaitwa kwa jina la mwanawe. Baruti vile vile ni neno lililotoka mbali: katika Kiarabu cha zamani lilikuwa jina la chumvi ya shura, iliyo sehemu kubwa ya unga wa bunduki, kabla halijawa jina la unga mzima.

Lakini neno linalonipendeza kupita yote ni kalibu. Hili ni jina la chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo. Asili yake ni qalib ya Kiarabu, ambalo hutajwa pia kwa kile kigogo ambacho mshona viatu hushonea kiatu juu yake. Wenye elimu ya maneno husema ya kuwa Wataliani na Wafaransa walilichukua neno hilo hilo, wakalitumia kwa kutaja upana wa mdomo wa bunduki. Nasi leo twalisikia likirudi kwetu kwa sauti ya kigeni, kaliba. Kalibu na kaliba ni ndugu wawili waliopotezana njiani wakakutana uzeeni. Tena udugu wao si wa jina tu, kwa maana kazi yote ya risasi nzuri ni kuifanya kalibu ipatane na kaliba.

Bunduki zenyewe ziliitwa kwa namna ya kuwashwa kwake. Ile iwashwayo kwa jiwe la kutoa cheche iliitwa gumegume. Ile iwashwayo kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya moto iliitwa bunduki ya fataki. Zote mbili, kwa kuwa hushindiliwa kwa mdomo, watu wa bara huziita gobori. Fimbo ya kushindilia ni mdeki, na bomba la bunduki ni kasiba. Risasi ndogo ndogo nyingi kwa pamoja, za kupigia ndege, ni marisau.

KWA NINI GOBORI ILIDUMU HUKU

Bonde la Kilombero ni nchi ya maji na nyasi ndefu, chini ya milima ya Udzungwa. Wakazi wake wa zamani, Wandamba, Wabena, Wapogoro na Wambunga, waliishi kwa mpunga, samaki na nyama ya mwitu. Desturi za uwindaji za Wandamba zilijulikana hata Ulaya, A. G. O. Hodgson aliandika habari zake mwaka 1926 katika jarida la wataalamu wa Uingereza. Zamani silaha kubwa ilikuwa mkuki. Misafara ya pembe ilipoleta bunduki kutoka pwani, gobori ikawekwa pamoja na mkuki, ya kupigia nyati, kiboko na sheshe.

Ilidumu kwa sababu ya sheria pia. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels kuzuia biashara ya utumwa, na katika mapatano yao walikataza bunduki mpya za kisasa zisiingizwe ovyo sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa nafasi kwa masharti. Hivyo wakati majeshi ya Ulaya yalipokwisha kutupa silaha za kushindilia, watu wetu walibaki nazo, na kila mwenye gobori ilimlazimu kujifanyia risasi zake.

Jambo hilo lilionekana kwa uchungu mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji. Watu waliambiwa ya kuwa kwa dawa ile risasi za Wadachi zingegeuka kuwa maji. Tarehe 30 Agosti mwaka huo Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa na mikuki na magobori, nao wakakutana na bunduki za mtombo. Risasi hazikugeuka maji. Siwacheki waliokufa siku ile, maana walikuwa wakitetea nchi yao. Nataja tu ya kuwa katika bonde hili neno risasi na neno maji yaliwekwa pamoja kwa damu, na msomaji ataona hapa chini ya kuwa hata katika kazi ya kusubu vitu hivyo viwili havipatani kamwe.

KUCHAGUA MADINI

Nilipokuwa kijana palikuwa na babu mmoja jirani yetu, mwindaji wa zamani mwenye kibali cha serikali, ambaye tulipenda kwenda kumwamkia jioni ili atusimulie. Yeye alikuwa akisema, "Wajukuu zangu, nyama haikosewi porini; hukosewa hapa jikoni, siku ya kuchagua risasi." Maana yake ni kwamba madini mabaya hufanya tufe baya, na tufe baya haliendi linakoelekezwa hata mpigaji awe hodari namna gani.

Kwa gobori yafaa risasi safi iliyo laini. Sababu zake ni mbili. Kwanza ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3, hali chuma ni kama gramu 7.9 tu. Kitu kizito hushinda upepo, nacho hutunza mwendo wake mbali zaidi. Pili, ulaini wake huifanya ikubali kasiba bila kuikwaruza, tena ikimpata mnyama hupanuka na kumwangusha upesi, asikimbie na jeraha siku nzima. Wengine walipokosa risasi walitia vipande vya chuma, hata mawe. Chuma kilichimba ndani ya kasiba, na kasiba iliyochimbwa haina shabaha tena. Pengine hata ilipasuka ikamkata mwenyewe mkono.

Risasi safi ilijulikana kwa dalili nne. Ukucha ukipitishwa kwa nguvu huacha alama. Kipande kikisuguliwa juu ya karatasi huandika mstari wa kijivu. Kikiangushwa juu ya jiwe hutoa mlio mzito, mfupi, usio na mwangwi. Lakini kilichochanganywa na madini magumu hulia kama kengele ndogo. Nacho kikikatwa kwa kisu, mahali pa mkato hung'aa kama fedha kwa muda, kisha huingia weusi.

Madini yachanganywayo na risasi ni hasa bati na antimoni. Bati kidogo husaidia, maana huyafanya madini yamiminike vizuri na kujaza kila pembe ya kalibu. Antimoni huyafanya kuwa magumu. Wasomaji wa magazeti ya misioni wanayo mfano mzuri karibu nao: herufi za kupigia chapa. Tangu siku za Gutenberg huko Mainz, katikati ya karne ya 15, herufi zilisubiwa kwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, ili ziwe ngumu zisichakae upesi, tena zitoke katika kalibu na kingo kali. Mitambo ya chapa iliyosubu mistari mizima, iitwayo Linotype, ilitumia madini yenye kama sehemu 84 za risasi, 12 za antimoni na 4 za bati katika kila 100. Kwa kipimo cha ugumu alichokitunga Brinell wa Uswidi mwaka 1900, risasi safi ina kama 5, na madini ya Linotype yana kama 22. Basi kilichofaa kwa kuhubiri kwa karatasi hakikufaa kwa gobori: tufe la herufi ni gumu mno kushindiliwa, na tena ni jepesi kidogo kuliko lile la risasi safi litokalo katika kalibu ile ile.

KIPIMO CHA TUFE

Tufe likiongezwa upana mara mbili, uzito wake huongezeka mara nane. Kwa hiyo tofauti ndogo ya upana ni tofauti kubwa ya uzito. Tufe la risasi safi lenye upana wa milimita 15 lina gramu 20. La milimita 14.5 lina gramu 18 na kitu. Nusu milimita tu, jicho haliioni, nayo imekula gramu mbili.

Wazungu wa zamani walitumia uzito huo kuzipa bunduki majina. Walichukua ratili moja ya risasi, yaani gramu 453.6, wakaigawanya katika matufe yaliyo sawa. Bunduki ambayo matufe 12 yaliyoenea kasiba yake yalitimiza ratili moja iliitwa namba 12. Ndiyo sababu bunduki ya namba 12 ina mdomo mpana kuliko ya namba 16 au 20, jambo linalowashangaza wengi. Tufe moja la namba 12 lina kama gramu 38, na upana wa milimita 18 na nusu.

Sasa, tufe la gobori halipaswi kuwa na upana sawasawa na wa kasiba. Likiwa sawasawa, halitapita kwa sababu ya masizi ya baruti, au litakwama katikati, na tufe lililokwama katikati ni mauti kwa mpigaji. Likiwa dogo mno, hugonga huku na huku ndani ya kasiba, na moshi wa baruti hupenya kando yake bila kulisukuma. Askari wa Uingereza walipigana zaidi ya miaka 100 na bunduki yenye mdomo wa kama milimita 19 na tufe la kama milimita 17 na nusu, ili waweze kushindilia upesi. Nao walipata upesi wakakosa shabaha. Mwindaji hana haraka ya askari. Kama gobori yake ina mdomo wa milimita 16, husubu tufe la milimita 15, kisha hulivika kitambaa chembamba kilichopakwa mafuta, nusu milimita kila upande. Kitambaa huziba nafasi, hulishika tufe katikati, na hupangusa masizi njiani.

KUSUBU

Kalibu nzuri ilikuwa ya vipande viwili vya chuma au shaba, kila kimoja na nusu ya tundu, vimeunganishwa kama koleo. Juu pana njia nyembamba ya kumiminia. Jambo la kwanza lilikuwa kuipasha moto kalibu yenyewe. Kalibu baridi huigandisha risasi kabla haijajaza, na tufe hutoka na makunyanzi kama uso wa kizee. Kalibu iliyopata moto kupita kiasi hutoa tufe lenye weupe wa vumbi vumbi, nalo hukawia kuganda. Kwa kawaida matufe matatu au manne ya kwanza hurudishwa chunguni. Kazi yake ni kuipasha kalibu tu.

Risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327 za sentigredi, joto ambalo mkaa wa jikoni hulifikia bila shida. Lakini kuyeyuka hakutoshi, yapasa ipite hapo kidogo, kama digrii 400, ili imiminike kama maji. Wazee hawakuwa na kipimajoto. Walichovya kijiti kikavu. Kikigeuka rangi ya kahawia upesi bila kuwaka, walijua wakati umefika. Tena waliangalia uso wa madini: ukionyesha rangi ya buluu na ya zambarau inayotandaa kama mafuta juu ya maji, moto umezidi.

Juu ya risasi iliyoyeyuka huelea uchafu. Kama vile mhunzi asemavyo mavi ya chuma, nao walisema mavi ya risasi. Kuuondoa walitupia kipande cha nta ya nyuki, kama punje ya mahindi, wakakoroga kwa chuma kikavu. Nta hutoa moshi, pengine huwaka, nayo huyarudisha madini mazuri yaliyoanza kuharibika kwa hewa, na takataka hujitenga zikaenguliwa kwa kijiko. Walifanya hivyo mara mbili, hata uso ukawa kama kioo.

Hapo ndipo yule babu alipowafukuza watoto wote na kutazama mbingu kama lipo wingu. Tone moja la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa dakika ile ile, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya yale maji. Risasi yote hurushwa juu kama mzinga, machoni na kifuani kwa msubuji. Kipande chenye unyevu, kijiko kilichooshwa karibuni, hata jasho litokalo kwenye paji la uso, vyatosha kumpofusha mtu. Tangu nilipolielewa jambo hili siwezi kusikia habari ya maji na risasi bila kukumbuka lile jiko.

Kumimina kulitaka mkono usiotetemeka. Risasi humiminwa mara moja bila kukatiza, nayo huachwa ifurike kidogo juu ya njia. Sababu ni kwamba madini haya hunywea yakiganda, na tufe hunyonya kutoka juu. Likikosa cha kunyonya hubaki na shimo ndani. Baada ya kuganda, kalibu hufunguliwa juu ya kitambaa kikavu, na tufe huanguka likiwa na kikonyo chake kama tunda. Kikonyo hukatwa kwa kisu, na mahali pa mkato husuguliwa.

KUPIMA NA KUTUPA

Aliyesubu matufe 30 hakupata risasi 30. Kwanza aliyatazama yote kwa jicho, akaondoa yenye makunyanzi na yenye mshono mkubwa, dalili kwamba kalibu haikufungwa sawasawa. Kisha aliyabingirisha juu ya ubao laini: tufe lenye shimo ndani halinyooki, hupepesuka kama mlevi. Mwisho aliyapima kwa mizani ya kijiti, moja kwa moja, akilinganisha na tufe lililo zito kuliko yote. Kwa maana katika kalibu moja na madini yale yale, lililo zito ndilo lililojaa. Yaliyopungua yalirudi chunguni bila huruma. Pengine yalibaki 18 au 20.

Kwa nini kujitaabisha hivyo? Mwingereza Benjamin Robins alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1742 juu ya elimu ya mizinga. Tufe likigusa upande mmoja wa kasiba linapotoka, huzunguka hewani, na kuzunguka huko hulipindisha njia, leo kulia, kesho kushoto. Tufe lenye shimo ndani lina uzito upande mmoja, nalo hupinda zaidi. Dawa aliyoisifu ni mifuo ya mzunguko ndani ya kasiba, ambayo hulizungusha tufe kwa njia moja iliyopangwa, kama pia ya watoto isimamavyo kwa sababu inazunguka. Gobori haina mifuo. Kwa hiyo shabaha yake yote imo katika usawa wa tufe, kitambaa kilicholishika, na kiasi kimoja cha baruti kila mara. Mwindaji mwenye akili alikitia kile kikonyo kilichokatwa kielekee juu, katikati ya mdomo, kila siku vile vile, ili kasoro yake iwe moja, asiwe na kasoro nyingi.

Sheria hizi si za baruti peke yake. Zipo bunduki za upepo, ambazo husukuma risasi kwa hewa iliyoshindiliwa. Wengi huzijua zile ndogo za kupigia ndege, lakini tangu zamani zimekuwapo kubwa. Jeshi la Austria lilitumia, tangu kama mwaka 1780, bunduki ya Girandoni iliyoweka hewa katika kitako chake. Na Lewis na Clark, waliposafiri kuvuka Marekani miaka ya 1803 hadi 1806, walichukua bunduki ya namna hiyo wakawaonyesha wenyeji. Hata leo wako Marekani wawindao mbawala kwa bunduki za upepo zenye mdomo mpana, nao hujisubia risasi zao. Hewa haina ukali wa baruti, kwa hiyo kwao ulaini wa risasi na kuenea kwake katika kasiba ni jambo kubwa zaidi: ikiwa ngumu haishiki mifuo, ikiwa ndogo hewa hupita kando. Babu wa Mngeta angeketi nao jikoni wakaelewana bila mkalimani.

SUMU ILIYOMO

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Nilipokuwa mtoto, mimi na kaka yangu tuliokota vipande vya risasi tukataka kufanya chubwi za ndoana. Mama alikuwa shambani. Tukachukua chungu chake cha mboga, tukayeyusha, tukamimina katika matundu tuliyochimba udongoni, tukafurahi sana. Mama aliporudi alikitazama kile chungu, akaona ukoko wa kijivu pembeni. Hakutupiga. Alikitoa nje akakivunja kwa mchi mbele yetu, akasema, "Wanangu, chungu kilichokula hiki hakiwezi kulisha watu." Kilikuwa chungu chake kizuri. Mimi nililia kwa sababu ya chungu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua ametuokoa na nini.

Risasi ni sumu. Huingia kwa mvuke na vumbi la jikoni, kwa mikono isiyonawiwa, kwa chombo kilichotumika kisha kikapikiwa. Haina haraka, hukaa mifupani miaka mingi. Mtu mzima huumwa tumbo, hufunga choo, hupungukiwa damu, mikono hulegea. Mtoto huumia zaidi, maana Shirika la Afya la Dunia husema ya kuwa mwili wake huweza kunyonya mara nne hata tano ya ule wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiasi chochote katika damu kijulikanacho kuwa salama. Huharibu akili inayokua. Basi yawezekana mwalimu ana mtoto mzito wa kujifunza, amwita mvivu, ampa adhabu, kumbe kosa si la mtoto. Limo katika jiko la nyumbani kwao.

Hatari imeongezeka kwa sababu ya betri za magari na pikipiki. Watu huzipasua wapate risasi ya nyavu au ya kuuza. Risasi ya betri si safi; ina asidi kali na unga wa sumu kupita ule wa wazee. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi wa mtaa mzima, hata mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na rufani zikafuata. Ikiwa kiwanda chenye kuta kilifanya hivyo, sembuse chungu uani penye watoto na kuku?

Hata nyama haikusalimika. Risasi laini ikipiga mfupa humegeka vipande vidogo visivyoonekana, navyo huliwa. Ndege wa majini humeza marisau yaliyoanguka topeni, wakidhani ni changarawe, wakafa. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulikataza marisau ya risasi katika nchi za majimaji tangu mwaka 2023. Bonde letu la Kilombero limo katika orodha ya Ramsar ya nchi za majimaji zenye thamani kwa ulimwengu tangu mwaka 2002, kwa hiyo jambo hili latuhusu.

YATUPASAYO

Sikuandika haya ili mtu aende kusubu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki silaha wala kutengeneza risasi bila kibali, na wanyama wana sheria yao. Niliandika kwa mambo matatu.

Kwanza, mwalimu afundishapo Kutoka, au Ayubu sura ya 19, au Ezekieli sura ya 22, aeleze kwamba risasi ni madini. Achukue chubwi ya mvuvi awape watoto waione ilivyo nzito, kisha anawe mikono, nao wanawe. Hapo watafahamu kuzama kwa jeshi la Farao kuliko kwa maneno mengi.

Pili, yaandikwe maneno ya kazi hii kabla waliobaki hawajatuacha: kalibu, mdeki, gumegume, mavi ya risasi, kikonyo. Kila mmoja aulize wazee wa mahali pake yanavyosemwa katika lugha ya kwao. Yule babu alizikwa na kalibu yake haijulikani iliko.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko hayo mawili: mwalimu na padre wapitapo nyumbani kwa watu wakiona risasi inayeyushwa katika sufuria, wasipite kimya. Waseme kwa upole. Chombo kile kitengwe kisipikiwe tena, kazi ifanyike mbali na nyumba, watoto na mama wajawazito wasikaribie, mikono na nguo zioshwe kabla ya kula, na betri zisiguswe kabisa. Na ikiwa mwenye nyumba aona ni hasara kutupa sufuria nzima kwa ajili ya risasi kidogo, mwambieni habari ya mama mmoja wa Mngeta, asiyejua kusoma, aliyevunja chungu chake kizuri kwa mchi.